Dari ya gari inaning'inia na vitufe vinanata: nianzie wapi?

Baba wa Kampemba, Lubumbashi

Ndugu zangu, salamu. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2003, lililoingia nchini kupitia Kasumbalesa likiwa tayari limetumika, na usukani wake ungali upande wa kulia. Injini haina neno. Kinachonisumbua ni ndani. Kitambaa cha dari kimeachana na ubao wake na kinagusa vichwa vya abiria wa nyuma, tena kila kinapoguswa hudondosha unga wa kahawia unaowaingia watoto machoni. Dashibodi imepasuka karibu na kioo cha mbele, na vitufe vya vioo pamoja na vishikio vya milango vimeanza kunata mkononi hata baada ya kusafishwa kwa sabuni.

Fundi mmoja amependekeza kupuliza gundi ya kopo kwenye dari bila kuifungua, kisha kuivika dashibodi yote ngozi bandia. Bei yake si mbaya. Je, kazi hiyo itadumu? Gari hili ndilo linalowapeleka watoto shuleni, nami nataka kulitunza kwa miaka mingine mingi.

Fundi wa viti, komini ya Kenya, Lubumbashi

Papa, nakuomba usikubali gundi hiyo ya kopo kabla ya kujua ni kitu gani kilichokufa. Dari ya gari lako ina tabaka tatu: ubao mwepesi wa nyuzi zilizoshindiliwa, sponji nyembamba ya poliuritani, na kitambaa unachokiona. Kitambaa chako ni kizima, na ubao pia huenda ukawa mzima. Kilichokufa ni sponji, kwa sababu joto na unyevu wa hewa, mwaka baada ya mwaka, huikata minyororo ya poliuritani hadi ikawa unga, na huo ndio unga unaowaingia watoto machoni. Ukipuliza gundi juu yake, utakuwa umekibandika kitambaa kwenye vumbi. Kitashika kwa muda mfupi, kisha jua la mwezi wa kumi likilichemsha bati la paa, kitaanguka tena, safari hii kikiwa na madoa ya gundi yasiyotoka.

Njia ya kudumu ni kuitoa dari nzima. Ondoa vizuia jua, vishikio vya abiria, taa ya ndani na plastiki za nguzo, ulaze viti, kisha uutoe ubao polepole kupitia mlango wa nyuma bila kuukunja. Hapa watu wengi huharibu, kwa kuwa klipu za plastiki zilizozeeka hukatika kwa urahisi zikiwa baridi; asubuhi za mwezi wa saba hapa kwetu sizifungui kabisa, nasubiri gari lipate jua hadi saa sita. Nunua klipu za akiba kabla ya kuanza.

Ubao ukiwa mezani, vaa barakoa na usugue mabaki ya sponji kwa brashi laini hadi mkono ukipita juu yake usitoke na unga. Usitumie brashi ya waya, maana itaurarua ubao. Kisha nunua kitambaa cha dari chenye sponji mpya mgongoni, na gundi inayovumilia joto kali, kwa sababu gundi ya kawaida hulainika chini ya bati la moto. Paka ubao na paka mgongo wa kitambaa, acha vyote viwili vikauke hadi visishike kidole, halafu anza kubandika katikati ukielekea pembeni, nusu moja kwanza na nusu ya pili baadaye, ukilaza kwa kiganja bila kuvuta. Ukivuta, kwenye mabonde ya ubao kitambaa kitabanduka chenyewe.

Kuhusu kunata: hapo hakuna uchafu wa kusafisha. Plastiki hizo zilipakwa rangi laini ya poliuritani ili zipendeze mkononi, na rangi hiyo inaoza kama ile sponji. Iondoe yote kwa kitambaa na alkoholi ya isopropili, ukianza kwa kujaribu mahali pasipoonekana, mpaka ufike kwenye plastiki ngumu yenyewe. Usitumie petroli wala asetoni, kwani vitaiyeyusha plastiki, na alkoholi hiyo isiguse kioo cha plastiki kinachofunika saa ya mwendo.

Mama wa Ruashi, Lubumbashi

Papa, nakubaliana na fundi, lakini hakuigusa ngozi ya dashibodi, na mimi naona hapo ndipo penye hatari kubwa. Gari la mwaka 2003 kwa kawaida lina mfuko wa hewa wa usalama upande wa abiria, umefichwa ndani ya dashibodi, na kifuniko chake kimetengenezwa kichanike au kifunguke mara moja gari linapogonga. Ukikibandika ngozi juu yake na kukishona, mfuko unaweza kuchelewa, kwenda upande, au kumrushia abiria vipande usoni. Ufa wa dashibodi haumuui mtu. Hilo linaweza. Hata kile kifuniko cha kitambaa kinachouzwa tayari, kichague kinachoacha sehemu hiyo wazi kabisa.

Tena, magari mengine yana mifuko ya pembeni iliyokunjwa juu ya milango, chini ya ukingo wa dari. Kabla ya kuifungua dari, ondoeni waya wa hasi wa betri na msubiri. Toyota katika miongozo yake inataka angalau sekunde 90. Waya zenye viungo vya njano msizivute.

Mkaaji wa Himbi, Goma

Kaka, naongeza jambo la vumbi na jua. Sisi Goma tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari na ninyi mko zaidi ya mita 1,200, na kadiri mtu anavyopanda, miale ya jua inayounguza huongezeka. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 70. Joto hilo huvifukuza vilainishi vilivyochanganywa kwenye plastiki: ule utando wa mafuta unaoufuta ndani ya kioo cha mbele umetoka huko, na plastiki iliyovipoteza hukauka na kupasuka. Kwa hiyo ngao ya jua ya kuweka nyuma ya kioo itaifaa dashibodi kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Dawa zenye silikoni mimi sizitumii: hukusanya vumbi, na baadaye gundi wala rangi haishiki mahali zilipopita.

Kwetu vumbi lina chembe za mawe ya volkeno zenye makali, na ukilifuta kavu linakwaruza. Vumbi lenu jekundu nalo usilisugue; livute kwanza kwa mashine, kisha ufute kwa kitambaa chenye maji. Kagua pia mipira ya milango kabla ya kulipia dari mpya. Fungia karatasi mlangoni kisha uivute: ikitoka bila kukaza, mpira umechoka, na maji ya mvua yataifuata dari yako.

Baba wa Kampemba, Lubumbashi

Asanteni sana. Ngozi nimeiacha, na nimefanya jaribio la karatasi: milango ya nyuma yote miwili haikazi, kwa hiyo nitaanza na mipira. Fundi, sokoni nimeonyeshwa kitambaa kizuri kisicho na sponji, kwa nusu ya bei. Je, kinafaa?

Fundi wa viti, komini ya Kenya, Lubumbashi

Hapana, Papa. Gundi itapenya hadi upande wa mbele na kuacha madoa, na kila kovu la ubao litaonekana. Tafuta chenye sponji ya milimita 3, na uagize kirefu kidogo kuliko dari, maana mabonde hula kitambaa.