Mkanda wa mashine ya kutoboa nyasi ukikatika, fundi ndiye mchawi?

Wakuu, leo naandika kwa hasira, mnivumilie.

Kuna hoteli hapa Arusha ina mashine ya kutoboa nyasi, ile yenye meno ya bomba inayong'oa vipande vya udongo ili maji na hewa vifike kwenye mizizi. Jana imekata mkanda katikati ya uwanja. Meneja kanipigia simu ananifokea: "Wewe si uliigusa juzi? Umeniharibia!" Niliigusa, ndiyo, nikabadilisha oili ya injini. Kava la mkanda alinikataza kulifungua, eti natafuta kuongeza bili.

Mkanda wa V, yaani ule ambao ukiukata unaona umbo la V, haukatiki hivi hivi. Unashika puli (gurudumu lenye mfereji) kwa mbavu zake, siyo kwa tumbo. Mbavu zikilika, unazama mpaka unagusa chini ya mfereji, unaanza kuteleza, unapata moto, mbavu zinang'aa kama kioo. Hapo unapiga kelele na kutoa harufu ya mpira ulioungua mpaka mapokezi wanaisikia. Mtunza bustani aliisikia, akaripoti. Akaambiwa amwagie oili ili unyamaze. Oili kwenye mpira, jamani!

Leo nimefungua kava, nikakuta vituko. Mkanda wa saizi B, wa mashine ya kusaga, upana milimita 17, umelazimishwa kwenye puli ya saizi A inayotaka milimita 13. Haukuzama kabisa, umekaa ukingoni. Na umekazwa kupita kiasi, maana mashine ina mikanda miwili, na ukibonyeza wa pili uliobaki huoni hata dalili ya kulegea. Kati ya puli na puli kukiwa na sentimita 32, bonyeza katikati, uingie kama milimita 5, basi. Ukikaza zaidi ya hapo unaua beringi. Na mikanda ikiwa miwili hubadilishwa yote pamoja, siyo mmoja mpya mmoja mzee.

Sasa wauza spea. Mashine nyingi za aina hii, mkanda ndio klachi: ukibana mkono wa klachi kwenye usukani, puli ya kukazia inausukuma, ukiachia, unateleza na mashine inasimama. Kwa hiyo unatakiwa mkanda uliovikwa kitambaa, wenye nyuzi ngumu za Kevlar ndani. Ukifunga mkanda wa feni ya gari, ule wa meno meno, unaweza kung'ang'ania puli hata ukishaachia mkono, na mashine inaendelea kwenda yenyewe. Nikamweleza muuzaji hayo yote, akanijibu: "Fundi, mkanda ni mkanda."

Na bado wanatoboa ardhi kavu ya kiangazi! Uwanja haujamwagiwa maji tangu juzi, meno yanadunda, mzigo wote unarudi kwenye mkanda. Chujio la hewa nalo limejaa vumbi jekundu, wakati injini ya Honda GX160 kitabu chake kinasema lisafishwe kila saa 50. Kitabu chenyewe kipo ofisini, kwenye nailoni yake, hakijafunguliwa.

Tena mtu aliyefunga ule wa B aliuingiza kwa bisibisi, alama ziko kwenye puli. Sijui kama hata waya wa plagi alichomoa, injini isije ikawaka, kabla ya kupeleka vidole humo.

Bili yangu wamegoma kulipa mpaka "niirudishe ilivyokuwa". Ilivyokuwa lini?

Mwenye kujua duka la Arusha au Moshi linalouza mikanda ya A ya klachi, siyo ya feni, aweke hapa. Na nyie mafundi wenzangu, mteja akikukataza kufungua kava, mnamwandikisha karatasi au mnaondoka?