WhatsApp haipigi simu huku Sharjah, nihame laini?

Kijana wa Likoni
Asalaam aleikum wakubwa. Nimeingia Sharjah juzi juzi, kazi ya ulinzi. Kwa WhatsApp ujumbe unaenda, picha zinaenda, hata sauti ya kurekodi. Nikimpigia mamangu inaita, akipokea tu, kimya. Ashaanza kusema namkatia. Nihamie kampuni nyengine ama simu yangu ndiyo mbovu?

Bi Deira
Waaleikum salaam mdogo wangu. Simu yako nzima. Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp na FaceTime, na hata ukihama utakuta yale yale. Kampuni ni mbili, Etisalat (siku hizi inajiita e&) na du, na serikali ina hisa kubwa kote kuwili. Virgin Mobile utaiona madukani, lakini mwenyewe ni yule yule wa du. Na wote wanauza dakika za kupiga nje, sasa nani akufungulie cha bure?

Usiambiwe ni mitambo. Corona ilipoingia 2020, watoto wakasomea nyumbani, Zoom na Teams, nazo za simu za intaneti, zilifunguliwa na zikafanya kazi vizuri tu. Uliza dukani kifurushi cha simu za intaneti, mama naye aweke BOTIM kwake, programu ya simu iliyoruhusiwa huku.

Chuma
Weka VPN kaka, ile programu ya kuficha unachofanya mtandaoni, mambo yaishe.

Bi Deira
Chuma, usimponze mtoto wa watu. VPN ya ofisini haina neno. Ukiitumia kufanya lililokatazwa, sheria ya makosa ya mtandao ya 2021 inaanzia faini ya dirhamu 500,000. Mshahara wa mlinzi tunaujua.

Wa Nakuru
Bi Deira, wingi wa kampuni nao si dawa. Kwetu Kenya, Novemba 2024, wakati wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram izimwe saa za mtihani. Kampuni tunazo kadhaa, ungehamia wapi?

Bi Deira
Hapo nakubali, agizo la serikali halichagui kampuni. Lakini lenu lilikuwa la msimu wa mtihani, na watu walikwenda mahakamani. Hili la huku halina msimu, na anayekuzuilia ndiye anayekuuzia mbadala. Kenya kampuni ikizuia WhatsApp kwa tamaa yake, kesho watu wako kwa jirani na namba zao zile zile.

Kijana wa Likoni
Shukran dada. Kesho napita dukani. Hicho kifurushi kinafanya kazi na waifai ya kambini ama mpaka bando langu?