Tupeane uzoefu: Stadi ya menifoldi ya eksozi imekatikia ndani ya hedi, wewe uliitoaje?

Wakuu salaam. Gari langu likiwashwa asubuhi linagonga tik-tik-tik upande wa eksozi, injini ikishapata moto mlio unafifia. Nimefungua bati la kukinga joto, nikakuta masizi kwenye silinda ya mwisho na stadi ya pale, ule mti wa nyuzi unaobana menifoldi (bomba linalokusanya moshi) kwenye hedi (sehemu ya juu ya injini), imekatika. Hedi ni ya aluminiamu. Kabla sijaigusa, naomba waliopambana na kitu hiki waseme walichofanya kwa mikono yao.

Spana Kumi na Mbili: Mkuu, za pembeni ndizo hukatika sana. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kutupwa, na ncha za menifoldi ndizo zinazosogea zaidi kila injini inapopata moto na kupoa. Yangu ilikuwa imebakiza kipande cha kushika. Niliilowesha mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha, nikaigonga taratibu kwa nyundo ndogo ili yapenye, ndipo nikaibana kwa koleo la kujifunga. Robo mzunguko kushoto, ikigoma narudi kulia, naongeza mafuta, kushoto tena. Ulipoanza kutoka unga mwekundu nikajua imekubali. Ukihisi inanyumbuka badala ya kuzunguka, acha hapo hapo.

Mchomeleaji: Ikikatika usawa wa hedi, hakuna njia ninayoiamini kuliko nati ya kuchomelea. Naweka washa juu ya kisiki cha stadi, naichomelea kupitia tundu lake, kisha nati juu ya washa, najaza katikati. Chuma hakishiki kwenye aluminiamu, kwa hiyo hedi haidhuriki ukiwa makini. Kinachofanya kazi hasa ni moto: unashuka ndani ya stadi na kuvunja kutu iliyoshikana na nyuzi. Subiri wekundu uishe, ndipo utie spana. Nati ikibanduka, chomelea nyingine. Kila mara moto unaingia tena na stadi inazidi kulegea. Chomoa waya za betri kwanza, na ethi, ule waya wa pili wa mashine ya kuchomelea, ibane karibu na stadi yenyewe.

Binti Gereji: Naomba niwasihi kuhusu izi auti, kile chuma chenye nyuzi za kushoto kinachotiwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya stadi ili kuizungusha itoke. Tuliletewa gari ambalo imevunjikia ndani ya stadi. Ile ni chuma kigumu sana, biti ya kawaida ya kutobolea inateleza juu yake na kuhamia kwenye aluminiamu. Ikabidi hedi ishushwe ipelekwe kwa wenye mashine. Fikiria: stadi nzima imegoma hadi ikakatika, kijichuma chembamba kilichoingia katikati yake kitaiwezaje?

Spana Kumi na Mbili: Kweli kabisa dada.

Keekee: Mimi sina mashine ya kuchomelea, nilitoboa. Siri yote iko kwenye alama ya kwanza. Nilisawazisha uso wa kisiki kwa tupa, nikapiga senta panchi katikati kabisa, nikaanza na biti ya milimita 3, tena zile zinazokata kwa kuzunguka kushoto. Nilipopanda saizi, biti ikaing'ata stadi na kuizungusha yenyewe ikatoka. Isipotoka, kwa stadi ya M8 (unene wa milimita 8) yenye nyuzi zinazoachana milimita 1.25 ishia milimita 6.8, halafu pitisha tepu ya kukatia nyuzi. Nyuzi zikiharibika, koili ya nyuzi, yaani nyuzi mpya za waya zinazofungwa ndani ya tundu, inaokoa hedi.

Mwenye uzi: Wakuu, nashukuru sana. Nati imechomelewa, ikabanduka, ikachomelewa tena, stadi imetoka na nyuzi za hedi ni nzima! Nafunga kesho.

Binti Gereji: Hongera kaka. Kabla hujafunga, weka rula ya chuma kwenye uso wa menifoldi. Ikiwa imepinda ipelekwe ikasawazishwe, la sivyo itakata stadi mpya pale pale. Badilisha stadi zote na gasketi, kaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa vipimo vya kitabu cha gari. Na usiliendeshe likiwa linavuja: moshi ule una kaboni monoksidi, haina harufu, na inaweza kuingia ndani ya gari.