Ujazo wa makazi kwa kaunti inayokua haraka: namba za kanda zinatoka wapi?

Ramani_Mezani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaoijua hii kazi. Tunaandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 20 kwa kaunti ya watu wapatao 400,000, ukuaji asilimia 3 kwa mwaka. Kuna mji mkubwa mmoja, vituo vitatu vya biashara kando ya barabara kuu, na kwingine kote ni mashamba na bonde la mto. Rasimu iliyopo inaipaka kaunti rangi tatu, yaani kanda tatu za ujazo (idadi ya nyumba kwa hekta): ujazo mkubwa nyumba 40 kwa hekta, wa kati 20, mdogo 8. Vijijini kiwanja kisipungue hekta 2, "kulinda kilimo".

Maswali:

1. Mahitaji ya nyumba nimeyapata kwa kugawa ongezeko la watu kwa 4.4, ambao ndio ukubwa wa kaya kwa sasa. Imetoka kama nyumba 73,000. Inatosha?
2. Hizo 40, 20 na 8 zipimwe vipi, maana kila mtu mezani anazielewa kivyake?
3. Hekta 2 ni kipimo sahihi?
4. Mabomba ya maji taka yapo katikati ya mji tu. Hili lina uzito gani kwenye ujazo?

---

Kigezo

Mkuu, nianze na la 1, maana ndilo linaloharibu mipango mingi kimyakimya.

Watu 400,000 kwa asilimia 3 wanafika kama 722,000 baada ya miaka 20, hapo uko sawa. Kosa ni kugawa ongezeko peke yake, kana kwamba kaya zilizopo leo zitabaki zilivyo. Uzazi ukipungua na vijana wakianza kujitegemea mapema, kaya inasinyaa. Tuseme ishuke kutoka 4.4 hadi 3.9. Leo kuna kaya 90,900 (400,000 ÷ 4.4). Mwaka wa 20 zitakuwa 185,100 (722,000 ÷ 3.9). Tofauti ni 94,200. Watu wameongezeka kwa asilimia 80 lakini nyumba zinazohitajika zimezidi maradufu. Weka asilimia 5 ya nyumba zitakazokuwa tupu kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia, unafika karibu 99,000, na hapo bado hujahesabu zitakazobomolewa.

Halafu usiifungie hesabu kwenye asilimia 3. Kwa asilimia 2 unapata watu 594,000, kwa asilimia 4 unapata 876,000. Pengo hilo ni kubwa kuliko miji mingi. Dawa yake ni kufunga hatua za mpango kwenye idadi ya watu badala ya mwaka: "eneo B linafunguliwa kaunti ikifikisha watu 500,000", siyo "eneo B linafunguliwa mwaka wa 7".

La 2: rasimu haijasema kama ni ujazo wa jumla au ujazo halisi, na hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia. Ujazo wa jumla unagawa nyumba kwa ardhi yote, barabara na shule zikiwemo. Ujazo halisi unagawa kwa ardhi ya viwanja vya makazi tu. Chukua hekta 100. Barabara na njia za miguu 30, shule, zahanati na viwanja vya michezo 14, biashara 6, mkondo wa maji na hifadhi yake 5. Zimebaki 45. Nyumba 40 kwa hekta ya ujazo halisi ni nyumba 1,800, sawa na 18 tu kwa ujazo wa jumla. Mwingine akisoma 40 ileile kama ya jumla, atataka nyumba 4,000 zikae kwenye hekta 45, yaani karibu 89 kwa hekta. Hayo ni maghorofa. Kanda moja, sentensi moja, miji miwili tofauti kabisa.

Kwa kulinganisha tu: UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, inapendekeza barabara zichukue angalau asilimia 30 ya ardhi na ujazo usipungue watu 15,000 kwa kilomita ya mraba, yaani 150 kwa hekta. Nyumba 18 mara watu 3.9 ni 70 kwa hekta. Kwa hiyo hiyo "ujazo mkubwa" yenu ni chini ya nusu ya pendekezo, na nyumba 99,000 zitakula hekta 5,500. Ukipandisha ujazo halisi hadi 60, zinakula kama 3,670. Hizo hekta 1,830 za tofauti ndizo shamba la mtu.

---

Futi_Kamba

Naongezea kwenye hoja ya Kigezo. Hata ukishaandika namba sahihi, kanuni nyingine za ujenzi zinaweza kuiua bila mtu kugundua. Chora kiwanja kimoja kabla ya kupitisha kanda.

Mfano wa kawaida: kiwanja cha mita 15 kwa 30, mita za mraba 450. Kanuni zinaruhusu jengo lifunike asilimia 50 ya kiwanja, ghorofa tatu, jumla ya sakafu mara 1.5 ya kiwanja. Kwenye karatasi ni mita za mraba 675, kama nyumba 8 baada ya kutoa ngazi na korido. Sasa ingiza umbali wa kuacha kutoka mpakani: mbele mita 6, nyuma 3, kila ubavu 3. Kinachobaki ni mita 9 kwa 21, yaani 189. Asilimia 50 haifikiki kamwe. Sakafu tatu ni 567.

Bado maegesho. Kanuni inadai gari moja kwa kila nyumba. Nafasi ya gari ni mita 2.5 kwa 5. Ubavuni kwenye mita 3 unapitisha gari lakini huligeuzi. Nyuma hakuna kitu. Mbele, upana wa 15 unatoa nafasi 5 na njia ya miguu ya mita 2.5, basi. Nafasi 5, nyumba 5. Umeandika ujazo wa nyumba 8, kanuni ya maegesho imekupa 5, na magari yote matano yanatoka kinyumenyume barabarani.

Ukipunguza mbele iwe mita 3, ukaruhusu jengo lishike mpaka kwa ubavu mmoja, na ukafuta sharti la maegesho kwa nyumba zilizo karibu na stendi, kiwanja kilekile kinarudi kwenye 8 bila kuongeza hata ghorofa moja. Kuongeza ghorofa ndiko kunakopigiwa kelele kwenye mikutano ya wananchi, na mara nyingi hakuhitajiki.

Na ukubwa wa chini wa kiwanja ni kufuli jingine. Houston, mji wa Marekani unaojulikana kwa kutokuwa na sheria ya kanda, ulipunguza kiwango hicho mwaka 1998 kwa eneo la ndani ya barabara ya mzunguko, kutoka futi za mraba 5,000 hadi 1,400. Nyumba za safu, ukuta kwa ukuta, zikajaa kwenye viwanja vilivyokuwa na nyumba moja moja.

---

Ramani_Mezani

Nashukuru sana wakuu. Futi_Kamba, hicho kiwanja cha 15 kwa 30 ndicho hasa tulicho nacho kwenye kanda ya kati. Vipi kuhusu maji taka?

---

Chemba_na_Bomba

Hapa ndipo ramani ya rangi inapokutana na ardhi.

Pasipo bomba la maji taka, ujazo hauamuliwi na kamati, unaamuliwa na udongo. Kanuni ya kawaida: shimo la kunyonyea (linalopeleka maji taka kwenye udongo) liwe mita 30 kutoka kisima, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya chini ya ardhi, msimu wa mvua, siyo kiangazi. Kiwanja chako kina urefu wa mita 30 na upana wa 15. Kila mmoja akichimba kisima chake, kisima cha huyu kiko mita 12 au 15 kutoka shimo la jirani. Kwa hiyo penye visima, viwanja hivyo havikubaliki hadi yafike maji ya bomba. Na udongo wa mfinyanzi unaovimba ndio usiseme: shimo halinyonyi, maji yanapanda juu, gari la kunyonya linaitwa kila mara hadi mwenye nyumba anachoka na kuyafungulia mtaroni.

Penye bomba, fanya hesabu ya kila kituo. Watu 10,000, lita 120 kwa mtu kwa siku, asilimia 80 inarudi kama maji taka: mita za ujazo 960 kwa siku, wastani wa lita 11 kwa sekunde. Asubuhi watu wote wakioga, zidisha kwa 3, inakuwa lita 33. Bomba la milimita 200 lenye mwinamo wa 1 kwa 100 likijaa pomoni linapitisha takriban lita 33. Umefika mwisho, na bado hujahesabu maji ya mvua yanayojipenyeza kwenye viungio. Kabla ya kupaka rangi ya ujazo mkubwa katikati ya mji, tafuta kipenyo na mwinamo wa kila kipande cha bomba hadi kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka. Kipande kimoja cha milimita 150 katikati ya njia kinatosha kuziba kanda nzima.

Kinyume chake nacho ni balaa. Ukilaza bomba kubwa kwa matumaini na nyumba zikaja chache, maji yanapita membamba, kasi inashuka chini ya mita 0.6 kwa sekunde, uchafu unatuama. Ndiyo maana kujenga kwa kurukaruka, mtaa hapa, pori, mtaa kule, kunagharimu mara mbili.

Gharama yenyewe ipime kwa upana wa kiwanja kinapogusa barabara. Bomba linahudumia pande mbili za barabara, kwa hiyo kiwanja cha mita 12 kinabeba mita 6 za bomba, cha mita 40 kinabeba 20. Barabara, taa na mtaro vinafuata hesabu hiyohiyo. Viwanja virefu vyembamba ni nafuu kuliko vya mraba vyenye eneo sawa.

---

Mwisho_wa_Lami

Chemba, na mtaro wa mvua umeusahau 😀

---

Chemba_na_Bomba

Sijausahau, nauogopa. Hekta 50 za nyasi na mashamba zikipata mvua ya milimita 60 kwa saa, huku asilimia 30 ikitiririka, zinatoa kama mita za ujazo 2.5 kwa sekunde. Zikishajengwa na kupigwa zege, asilimia 70 inatiririka: 5.8. Kalavati la chini halijabadilika. Tenga bwawa la kupokelea maji sehemu ya chini kabla viwanja havijapimwa, maana baada ya hapo sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kuuzwa.

---

Jembe_Kwanza

Swali la 3. Hekta 2 ndicho kipimo kibaya kuliko vyote mlivyoandika, na nasema hivyo kwa heshima. Hakilindi kilimo, kinakikata vipande. Anayenunua hekta 2 kando ya lami hanunui shamba, ananunua uwanja wa kuzungushia nyumba. Kila nyumba inadai barabara, umeme na gari la taka umbali wa kilomita, trekta halina pa kugeukia, na mgogoro wa kwanza utakuwa harufu ya samadi.

Tenganisheni mambo mawili mnayoyachanganya: ni nyumba ngapi zinaruhusiwa kwa eneo, na kila nyumba inakaa kwenye kiwanja cha ukubwa gani. Shamba la hekta 40, ruhusa ya nyumba 1 kwa kila hekta 10, ni nyumba 4. Mkizikusanya kwenye viwanja vya hekta 0.4 pembezoni, karibu na barabara na kwenye udongo dhaifu, mnatumia hekta 1.6 na 38.4 zinabaki shamba moja. Kwa kanuni yenu ya sasa shamba hilo lingekuwa viwanja 20 na kilimo sifuri. Hizo hekta 38.4 zilizobaki zifungwe kwa sharti linaloandikishwa kwenye hati, siyo kwa neno la mdomo.

Na mwenye shamba mfidieni. Montgomery County, jimbo la Maryland, Marekani, ilitenga mwaka 1980 zaidi ya ekari 90,000 za kilimo, nyumba 1 kwa ekari 25. Ili wakulima wasibaki mikono mitupu, kila ekari 5 ilipewa haki moja ya ujenzi ambayo mkulima anaweza kumuuzia mjenzi wa mjini, naye akaitumia kuongeza nyumba kwenye eneo lililotengwa kupokea. Ila angalizo: soko hilo linafanya kazi pale tu maeneo ya kupokea yanapohitaji haki hizo. Mkimpa mjenzi wa mjini ujazo mkubwa bure, hana sababu ya kununua haki ya mkulima.

---

Ramani_Mezani

Nimeelewa. La mwisho: baadhi ya wajumbe wanataka mpaka wa ukuaji kuzunguka mji, nje yake hakuna mji. Na wapo wanaosema tangazo lenyewe litaleta mbio za kugawa viwanja.

---

Kigezo

Mpaka unafanya kazi ukiwa na ardhi ya kutosha ndani na sheria ya kuupitia upya. Oregon, jimbo la Marekani, iliweka mfumo huo kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1973: kila mji una mpaka wake, na ndani yake panatakiwa kuwe na ardhi ya kutosha mahitaji ya miaka 20. Mkichora mpaka unaobana bila kupandisha ujazo ndani, bei ya ardhi inapaa na maskini wanaruka mpaka kwenda kujenga bondeni. Kwenye kuhesabu ardhi iliyopo, msihesabu kila kiwanja kitupu kama kipo sokoni. Kuna mirathi, kesi, na watu wanaosubiri bei. Sehemu kubwa haitajengwa ndani ya kipindi, kwa hiyo ipunguzeni wazi kwenye jedwali ili atakayepinga apinge namba.

Mbio zitakuwepo, hilo msijidanganye. Kinga yake ni zuio la muda la ugawaji nje ya maeneo yenye huduma, litangazwe siku ileile rasimu inapotoka hadharani, lenye tarehe ya mwisho, na vibali vilivyokwisha tolewa viwe na ukomo: asiyeanza kujenga ndani ya muda huo, kibali kinakufa.

---

Futi_Kamba

Kidogo tu kuhusu uchoraji. Msipitishe mstari wa kanda katikati ya barabara. Mtakuwa na ghorofa nne upande huu na nyumba za chini upande wa pili, zinatazamana. Pitisheni kwenye mipaka ya nyuma ya viwanja, ili pande zote mbili za barabara ziwe kanda moja na mabadiliko yatokee uani. Kwa vile vituo vitatu vya barabara kuu, chukueni mita 400 kutoka stendi, ni kama hekta 50, lakini pimeni kwa njia ambayo mtu anatembea kweli, siyo kwa bikari. Barabara kuu isiyo na kivuko inaikata hiyo duara nusu.