Matembezi ya siku moja na mtoto wa miezi 22: Kisumu, Kakamega na Nakuru

Baba Zawadi (Nakuru)

Hamjambo nyote. Desemba tutakuwa Kisumu wiki mbili, kwa nyanya yake Zawadi. Binti ana miezi 22 na kilo 11. Anatembea vizuri, lakini baada ya dakika kumi anataka kubebwa. Tungependa siku tatu au nne za kutoka asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Tumefikiria ufuko wa Dunga, mwamba wa Kit Mikayi na msitu wa Kakamega, kisha tukirudi nyumbani Ziwa Nakuru na Bogoria. Siku mbili tutakodisha gari, nyingine ni matatu. Wapi panafaa mtoto wa umri huu, tubebe nini, na tujihadhari na nini? Yeye amezoea baridi ya Nakuru tu.

Mama Pendo wa Manyatta

Karibuni Kisumu, Baba Zawadi. Kabla ya kuchagua mahali, chagueni saa. Mtoto wa umri huo hulala mchana kati ya saa sita na saa nane, na ndio wakati jua la huku linachoma kweli. Kwa hivyo asubuhi ndiyo yenu: tokeni saa kumi na mbili na nusu, muwe mmemaliza kutembea saa tano, alalie njiani au kwa nyanya yake. Siku moja, mahali pamoja. Mkiongeza pa pili mtapaona mtoto akilia.

Anzeni na hifadhi ya swala, Impala Sanctuary, iliyo kilomita kama tatu kutoka mjini kwenye barabara ya kuelekea Dunga. Ni ndogo, njia zake ni tambarare, swala wanatembea huru na wanyama wakali wako vizimbani. Saa mbili zinatosha. Shida ni tumbili. Wanajua mkono wa mtoto ndio wenye ndizi, na wakinyakua wanaacha mikwaruzo. Mlisheni ndani ya gari au nje ya lango, mpanguse mikono na mdomo, ndipo muingie. Malipo ni kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni, hawapokei pesa taslimu langoni, basi lipeni jioni ya kuamkia safari. Mtoto wa umri wake hatozwi.

Jambo jingine linalowashtua watu langoni: tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na hifadhi zote. Chupa ya maji ya dukani, mirija, vikombe vya plastiki, vyote vinabaki nje. Bebeni maji kwenye chupa ya chuma. Nepi chafu zitieni kwenye mfuko wa kitambaa usiopitisha maji, ule wa akina mama wanaotumia nepi za kufua, na mrudi nazo nyumbani. Msiziache kwenye pipa la wazi, nyani na tumbili huzichana.

Dunga nendeni siku nyingine, nayo iwe asubuhi maji yakiwa yametulia. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani na maji hulala. Jua likishapasha nchi, kuanzia adhuhuri, upepo hugeuka, mawimbi huinuka, na mvua ya radi huja alasiri. Mwenye boti akikwambia saa tisa ni sawa, mwambie hapana, una mtoto. Muulize pia gugumaji liko wapi siku hiyo: upepo husukuma mikeka yake hadi ikaziba ghuba, na boti hunasa katikati jua likiwaka.

Jaketi okozi lipimeni ufukweni, si majini. Mvalishe, funga vifungo vyote pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha shika jaketi mabegani uliinue. Likipanda hadi masikioni mwake, ni kubwa. Jaketi la mtu mzima lililokazwa kwa leso ni hatari: majini linapanda juu, mtoto anateleza chini. Hakuna jaketi la saizi yake, hakuna boti. Tembeeni kwenye mafunjo mtazame ndege, mtoto hatajua alichokosa.

Na samaki: mwagizieni mbuta, si ngege. Mifupa ya mbuta ni mikubwa, unaiona na kuitoa. Ya ngege ni myembamba kama sindano, hujificha kwenye nyama ya tumbo. Mpe mnofu wa mgongoni, uuponde kwa vidole vyako kwanza.

Mwongozaji, Shinyalu

Nakubaliana na Mama Pendo kuhusu saa. Kakamega hata zaidi, kwa sababu mvua ya msituni hupenda alasiri, na barabara ya kutoka Khayega kupitia Shinyalu hadi Isecheno huteleza ikilowa palipo na udongo. Gari dogo litafika asubuhi, jioni lisitoke. Kutoka Kisumu hadi Kakamega mjini ni kilomita kama 50. Ongezeni muda wa kipande hicho cha kutoka Khayega.

Msitu una milango miwili, watu huichanganya. Isecheno kusini iko chini ya huduma ya misitu. Buyangu kaskazini, upande wa barabara ya Webuye, ni hifadhi ya huduma ya wanyamapori, na malipo yake ni tofauti. Kwa mtoto ninapendekeza Isecheno: miti mikubwa iko karibu na maegesho, na mbega wenye manyoya meupe mgongoni mtawaona bila kutembea mbali. Nusu saa kwenye njia tambarare, basi. Kilima cha Lirhanda kina mandhari nzuri lakini pango lake la popo si la mtoto. Kinyesi cha popo kikitifuka huingia mapafuni.

Sasa siafu. Wanavuka njia kwa mstari mweusi upana wa vidole viwili, na aliyembeba mtoto kwa kawaida hatazami chini. Mara nyingi siafu hawaumi papo hapo. Wanapanda kimya, suruali, mgongo, leso, ndipo wanaanza, na kwa wakati huo wako kwenye mapaja ya mtoto. Vaeni soksi ndefu, chomekeni suruali ndani ya soksi, na mwenzako asiyebeba atangulie mbele. Msisimame kupiga picha kabla hajakagua chini. Wakishapanda, kimbieni hatua 20 kutoka kwenye mstari, mvueni mtoto nguo zote, muwatoe mmoja mmoja kwa kuwabana karibu na kichwa. Ukimvuta kwa tumbo kichwa kinabaki kimeng'ata. Kwa hiyo nguo za kubadilisha zikae kwenye mfuko mnaobeba, si kwenye buti la gari.

Kit Mikayi ni kilomita kama 30 kutoka Kisumu kwa barabara ya Bondo. Jina ni la Kijaluo, jiwe la mke wa kwanza. Mtoto ataufurahia uwanja wa chini na kuzunguka mwamba. Kupanda kati ya mawe kunahitaji mikono yako yote miwili, na mahali pengine unajibana kwa ubavu, kichwa cha aliye mgongoni kinagonga jiwe bila wewe kuona. Mmoja apande, mwingine abaki chini na mtoto, kisha mbadilishane. Kumbukeni watu huja hapo kusali na kufunga. Mkisikia nyimbo pangoni, pitieni upande mwingine.

Dereva wa Rift

Baba Zawadi, kuhusu gari. Ukikodisha, omba kiti cha mtoto siku mbili kabla, na ukikipokea usikubali kufungiwa harakaharaka. Kifungwe kiti cha nyuma. Kilo 11 na miezi 22 bado anaweza kutazama nyuma, na ndivyo inavyofaa mpaka apite kipimo cha kiti chenyewe, kwa sababu gari likigonga, mgongo mzima wa kiti unapokea uzito badala ya shingo yake. Ukishafunga, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise: kisogee si zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda ya mtoto iwe bapa, na ukijaribu kuubana utepe begani kwa vidole viwili usipate mkunjo. Sweta nene la Nakuru litolewe kabla ya kumfunga. Linadanganya, mkanda unaonekana umekaza kumbe umekaza sweta. Mfunike leso juu ya mikanda.

Kwenye matatu shida ni kwamba mtoto hupakatwa. Msijifunge mkanda mmoja wewe na yeye, dereva akikanyaga breki uzito wako unamponda. Jifunge wewe kwanza, kisha mpakate nje ya mkanda. Si salama kama kiti, lakini ni afadhali. Mkiweza lipieni nafasi ya ziada na mje na kiti chenu, lakini someni maandishi yake, maana matatu nyingi zina mkanda wa kiunoni pekee na si kila kiti hukubali huo. Kaeni safu ya pili, mbali na mlango, na kamwe msikae mbele. Bodaboda kwa kilo 11 katikati ya watu wazima wawili, la. Mguu wake unafika kwenye eksozi.

Na mkishuka kununua mahindi, mtoto ashuke pia. Gari lililofungwa juani huongeza nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10. Mahindi yenyewe, njugu na vipande vya miwa vinavyouzwa njiani si vya kumpa: punje huingia njia ya hewa.

Muuguzi wa kliniki ya watoto

Niongeze ya afya, kwa sababu Kisumu na Nakuru ni dunia mbili. Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850. Joto linatofautiana, na malaria inatofautiana zaidi. Mtoto aliyekulia Nakuru hana kinga yoyote dhidi yake, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa kanda ya ziwa mwaka 2019 haikuwa kwa kaunti yenu. Mpelekeni kliniki wiki mbili kabla ya safari muulize dawa ya kuzuia. Hutolewa kwa uzito, kwa hiyo apimwe siku hiyo. Mojawapo huanzwa siku moja au mbili kabla, kila siku mkiwa huko, na siku 7 baada ya kurudi. Hizo 7 za mwisho ndizo watu huacha, na ndizo zinazomaliza vimelea vilivyoingia siku za mwisho.

Chandarua chenye dawa kila usiku, hata kwa nyanya. Kuanzia magharibi, nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu. Ipake viganjani mwako kwanza, kisha kwenye miguu na mikono yake, si kwenye vidole, maana vitaishia mdomoni. Ikiwa mnapaka na mafuta ya kukinga jua, hayo yatangulie, yakauke, ndipo dawa ya mbu.

Homa ikianza, kipimo siku hiyo hiyo. Malaria huchukua angalau siku 7 tangu kuumwa na mbu, kwa hiyo wengi huugua wakiwa wamesharudi na wameshasahau. Kwa miezi mitatu baadaye, homa yoyote ile mwambieni daktari wa Nakuru maneno haya: tulikuwa Kisumu. Asipoambiwa anaweza kufikiria mafua.

Ziwani asiingize miguu, hata kwenye maji ya kina cha kifundo. Konokono wa kichocho hukaa hasa kwenye majani ya ukingoni, na vijidudu hupenya ngozi kwa dakika chache. Akirushiwa maji, mkausheni kwa taulo papo hapo kwa kusugua.

Chakula cha njiani: msimbebee uji wa masaa sita. Ukipoa kidogo tu kwenye themosi unakuwa kitalu cha vijidudu. Bebeni maji ya moto peke yake, unga wa maziwa au nafaka iliyokwisha kuiva kwenye kopo kavu, mchanganye pale pale na kilichobaki mmwage. Pakiti mbili za chumvi-sukari ziwe mfukoni. Someni nyuma ya pakiti, zipo za nusu lita na zipo za lita moja, na kukosea kunamdhuru. Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Nepi ikikaa kavu kwa muda wa saa sita, midomo imekauka na analia bila machozi, safari imeisha, nendeni hospitali.

Baba Zawadi (Nakuru)

Nawashukuru sana. Tumeamua Impala, Dunga na Isecheno. Bado sijaelewa upande wa kwetu: Bogoria ni mbali kiasi gani kwa mtoto, na nimbebe kwa leso au kwa mbeleko ya kununua?

Dereva wa Rift

Bogoria iahirishwe mpaka afike miaka mitano. Si umbali peke yake, ingawa kupitia Mogotio na Marigat mtatumia kama saa mbili kwenda, na kule chini kuna joto kuliko Kisumu. Ni chemchemi za Loburu: maji yanachemka kweli, watu huchemshia mayai, na ukoko wa ardhi pembeni ni mwembamba. Mtoto anayejua kukimbia lakini hajui kusikia "simama" hana kazi hapo.

Badala yake, Hyrax Hill. Ni kilomita chache tu kutoka mjini kando ya barabara kuu ya Nairobi, kuna nyasi, pimbi, na mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba ambayo atatia vidole kwa furaha. Menengai asubuhi pia sawa, lakini ukingo wa kreta hauna ua na upepo una nguvu, abaki amefungwa mgongoni muda wote. Mbuga ya Ziwa Nakuru ni nzuri kwa sababu hamshuki garini. Ingieni lango likifunguliwa saa kumi na mbili, vioo vifungwe penye nyani, na mtoke saa nne. Ziwa limepanda miaka hii na kumeza barabara za zamani za ukingoni, kwa hiyo ulizeni langoni njia gani ipo wazi, msifuate ramani ya kale.

Mama Pendo wa Manyatta

Leso inatosha kwa nusu saa, na Mama Zawadi anajua kuifunga. Ukingo wa juu upite chini ya makwapa ya mtoto, wa chini hadi nyuma ya magoti, magoti yake yawe juu kuliko matako, fundo likae kifuani. Zaidi ya nusu saa, kilo 11 zitakuvuta mabega. Hapo tafuta mbeleko yenye mkanda mpana wa kiunoni, ikazwe juu ya mfupa wa nyonga ili uzito ushuke huko. Ijaribu nyumbani wiki nzima kabla ya safari. Na leso ibebe hata hivyo: ni kivuli, ni mkeka wa kubadilishia nepi, ni taulo, na akisinzia ndiyo shuka.