Providence Grays 1884: Radbourn peke yake, au Radbourn na Sweeney kwa zamu?

Kocha_Upanga
Wakuu, turudi Aprili 1884. Wewe ndiye Frank Bancroft, meneja, umekabidhiwa Providence, klabu ya besiboli ya Marekani iliyomaliza ya tatu 1883 nyuma ya Boston na Chicago. Walinzi wa uwanjani hawanipi shida: Joe Start yuko besi ya kwanza, ana miaka 41 na bado hadondoshi mpira, Jerry Denny wa besi ya tatu anadaka mikono mitupu, katikati nyuma yuko Paul Hines. Kazi iko kwa warushaji, wale wanaomrushia mpigaji mpira na ndio wanaoandikiwa ushindi au kushindwa kwa timu. Charley Radbourn, miaka 29, mwaka jana alishinda mechi 48. Charlie Sweeney, kijana wa San Francisco, alishinda 7 na kupoteza 7. Msimu umerefushwa kutoka mechi 98 hadi 112. Unampa Radbourn mzigo wote, au unawapa zamu? Naomba tuhukumu kwa yaliyojulikana mwezi ule.

Mrima84
Radbourn, mkuu, wala sihitaji kufikiri mara mbili. Mwaka 1879 Providence ilichukua ubingwa huku mrushaji John Ward peke yake akishinda mechi 47. Klabu hii inajua kumtegemea mtu mmoja. Mechi 48 dhidi ya 7, unalinganisha nini hapo?

Shangazi_Besi
Mrima mwanangu, huo ni mwaka mmoja. Tazama na mingine. Chicago ya Cap Anson ilitwaa ubingwa 1880, 1881 na 1882 ikiwapokezanisha warushaji wawili, Corcoran na Goldsmith. Boston imeutwaa 1883 ikiwa na Whitney na Buffinton. Hata Providence yenyewe, 1881 na 1882 ilipokuwa na Ward na Radbourn pamoja, ilimaliza ya pili mara zote mbili. Ward akauzwa, Radbourn akabaki na mzigo, timu ikashuka ya tatu. Kwangu mimi hilo linatosha.

Halafu kuna sheria mpya. Kuanzia 1884 ligi inaruhusu kurusha mkono ukiwa juu ya bega, na boksi anamosimama mrushaji liko futi 50 tu kutoka kwa mpigaji. Kijana mwenye kasi kama Sweeney anafaidika na hilo kuliko mtu yeyote. Radbourn nguvu yake ni akili: anabadilisha kasi, anampindishia mpigaji mpira. Mpigaji akikutana na huyu leo na yule kesho, hapati nafasi ya kuzoea.

Mrima84
Shikamoo Shangazi. Hoja ya sheria nimeikubali. Lakini mmesahau ligi mpya ya Henry Lucas, Union Association, inayoyapuuza mafungamano ya wachezaji na klabu zao. Ukimjenga Sweeney akapata jina, nani atamzuia asiondoke? Radbourn ndiye unayemjua.

Kocha_Upanga
Nijibu kwa kitu nilichokiona mwenyewe. Nafundisha vijana wa sekondari hapa Dar. Mwaka juzi nilimwachia mrushaji wangu mmoja mechi mbili za Jumamosi moja, kwa sababu alikuwa bora na mimi nilitaka kushinda. Tulishinda zote. Jioni nilimkuta kwenye benchi akijaribu kufunga kifungo cha kola; mkono wa kulia ulifika kifuani ukagoma. Mwenzake akamfungia. Radbourn alirusha awamu 632 mwaka 1883, na mechi ya kawaida ina awamu tisa, na leo tunabishana kama tumwongezee. Mimi nawapa zamu.

Bukavu_hadi_RI
Mimi naishi hapa Providence. Uwanja wao wa Messer Street ulikuwa upande wa Olneyville, siku hizi ni nyumba za watu. Kocha, niruhusu nivunje sharti lako, maana waliishi majibu yote mawili. Bancroft alianza na zamu. Juni 7 Sweeney aliwatoa wapigaji 19 wa Boston kwa straiki, yaani walishindwa kuupiga mpira wake, rekodi ya mechi ya awamu tisa iliyovukwa 1986 tu na Roger Clemens. Julai Radbourn akasimamishwa kwa utovu wa nidhamu, na siku chache baadaye Sweeney akagombana na meneja, akafukuzwa, akaenda kwa Lucas kule St. Louis. Mrima aliona mbali. Radbourn akakubali kurusha karibu mechi zote zilizobaki. Ushindi 59, wengine huhesabu 60. Ubingwa kwa ushindi 84 dhidi ya kushindwa 28.

Mrima84
Basi jibu ni Radbourn!

Bukavu_hadi_RI
Ndugu yangu, husimuliwa kwamba asubuhi alikuwa hawezi kuinua mkono achane nywele zake. Alianza mazoezi kwa kurusha karibu, futi chache, mpaka bega lipate moto.

Shangazi_Besi
Na hakuwahi tena kufika hata ushindi 30 katika msimu mmoja. Mrima, mwaka 1885 ungempanga nani?