Mchungaji anataka pesa za ujenzi ziingie kwa simu yake. Biblia inasemaje? (Nakuru)

Mweka_Hazina_Nax
Bwana asifiwe wapendwa, na wasiosali pia habari zenu. Nina shida na sina wa kumwambia huku mtaani, maana kila mtu ni wa kanisa letu au ana dada yake humo.

Mimi ni mweka hazina wa kanisa dogo upande wa Free Area, watu kama 120 Jumapili isiyo na mvua. Tunajenga. Kuta zimefika kwenye linta, mabati bado. Pesa za ujenzi zina kapu lake. Baada ya ibada tunahesabu mimi na shemasi mmoja, naandika kitabuni, Jumatatu napeleka benki. Jumapili iliyopita mchungaji aliniita nyuma, akasema kuanzia sasa shemasi apumzike, nihesabu peke yangu na nitume kila kitu kwa namba yake. Vifaa atanunua mwenyewe, eti benki inachelewesha kazi ya Mungu.

Biblia inasema nani ashike pesa za kanisa? Nataka mistari, si matusi. Siku ya nne hii silali.

Shemasi_Mstaafu
Soma 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliwaachia makuhani pesa za kukarabati hekalu, na mpaka mwaka wake wa 23 hawakuwa wamelitengeneza. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu kwenye kifuniko cha sanduku, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja pamoja, wanahesabu, wanafunga mifukoni. Mmoja wa ikulu, mmoja wa hekaluni. Hapo mafundi wakaanza kulipwa. Hata Paulo hakubeba mchango wa Yerusalemu peke yake: 2 Wakorintho 8, alimtuma Tito na ndugu wengine wawili ili mtu asipate la kumlaumu. Mwonyeshe mchungaji, taratibu, kwenye chai.

BabaTwins_Kondele
Sisi huku Kisumu tulichangia kinanda miaka miwili. Kinanda kikageuka Probox. Sasa iko njia ya Ahero, inabeba watu tisa na kuku. Kila nikiipanda najiambia hiki kiti ni changu, halafu nalipa nauli.

Mama_wa_Maombi
Msiinue mikono juu ya mpakwa mafuta. Daudi alikata upindo wa vazi la Sauli tu na moyo wake ukamchoma. Dada, funga siku tatu, Mungu ataongea naye. Mambo ya benki ni ya dunia.

Shemasi_Mstaafu
Mama, Ezra alifunga pia. Sura ya 8: alitangaza mfungo kwenye mto Ahava, kisha akawapimia makuhani 12 fedha na dhahabu kwa mizani. Walipofika Yerusalemu vikapimwa tena, uzito wote ukaandikwa. Mfungo haukuondoa mizani.

Mkaimosi
Mimi ni Rafiki, yaani Quaker, wa Vihiga. Tangu wamisionari wetu wafike Kaimosi 1902 tumechekwa kwa mengi, na mikutano yetu ni mirefu hata chai inapoa mara mbili. Lakini hatupigi kura. Karani anaandika uamuzi palepale, anausoma kwa sauti, na neno likikataliwa linarekebishwa kabla watu hawajaondoka. Mwambie mchungaji alirudie agizo lake mbele ya kamati, liingie kwenye muhtasari. Akikataa liandikwe, umeshajua.

Wakili_wa_Benchi
Wacheni mistari kidogo. Dada, hii hadithi ina shimo. Shemasi yupo, benki ipo, kitabu kipo. "Hapana, mchungaji" ni maneno mawili tu. Kwa nini hulali? Amekushika wapi?

Mweka_Hazina_Nax
Ni mtu mkali tu. Tena ndiye aliniombea nilipolazwa. Naomba tubaki kwa swali.

Wakili_wa_Benchi
Swali ndilo hili. Alisema nini huko nyuma? Neno kwa neno.

Mweka_Hazina_Nax
Alisema, "Mama, mimi na wewe tunajua kutunziana siri."

Sawa. Januari nilikopa 45,000 kwa pesa za ujenzi. Kijana wangu alipata shule ya bweni, na karo, sanduku na godoro vikanishinda. Baba yao hakuwa na kazi. Nilimweleza mchungaji pale mlangoni, akasema chukua, utarudisha, Mungu si Athumani. Haikuandikwa popote. Nimesharudisha 20,000. Sikuiba, nilikopa kwa ruhusa.

Na msiniambie nijiuzulu, nimeshapanga. Ijumaa chama chetu kinanikopesha 25,000. Jumapili natumbukiza kwa kapu, naandika "sadaka, mtoaji hakujitaja", vitabu vinakaa sawa kabla ya mkutano mkuu. Hapo nitakuwa na nguvu ya kumkatalia.

Mama_wa_Maombi
Kumbe mwizi ni wewe!! Na tulikuwa tunamsema mtumishi wa Mungu.

Shemasi_Mstaafu
Mama, hata yeye mtumishi hakuwa na ruhusa ya kutoa. Dada, nijibu moja tu. Ile 45,000 ilipotoka, kitabuni uliandika nini?

Mweka_Hazina_Nax
Mchanga. Lori tatu.

BabaTwins_Kondele
Lori tatu! Ile Probox yangu imeanza kuonekana takatifu.

Wakili_wa_Benchi
Kama kanisa lenu limesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, viongozi wanapeleka taarifa kila mwaka kwa Msajili wa Vyama. Huo mchanga wako uko njiani kwenda Nairobi na sahihi yako juu. Na ukiandika hiyo sadaka isiyo na jina utakuwa na uongo wa pili wa kuufunika wa kwanza. Mchungaji atakuwa amekushika mikono yote miwili.

Mweka_Hazina_Nax
Lakini mnanihukumu kuliko yeye. Sura ileile ya Wafalme mliyonipa, mstari wa 15, inasema waliokabidhiwa pesa hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Mimi miaka sita sijawahi kupunguza hata shilingi kumi. Mtoto angekaa nyumbani?

Shemasi_Mstaafu
Hao wa mstari wa 15 walipokea pesa ikiwa imeshahesabiwa na wawili, mstari wa 10. Na hawakuandika mchanga. Sikukatazi kurudisha. Hesabu 5:7 inasema aliyekosa aungame, arudishe kamili, aongeze sehemu ya tano. Kuungama kumetajwa kwanza.

Mkaimosi
Sehemu ya tano ya ipi? Ya 45,000 ni 9,000. Ya 25,000 iliyobaki ni 5,000. Nauliza tu, kwa faida ya wengi.

BabaTwins_Kondele
Zakayo alisema mara nne. 180,000. Hiyo inamaliza mabati na choo.

Kiziwi_wa_Menengai
Mnachezewa nyinyi. Akaunti imefunguliwa wiki hii. Mchungaji mwenye siri, mtoto wa karo, mume hana kazi, kila kitu kimepangwa kama mchezo wa redio. Na kanisa la watu 120 linatoa wapi 45,000 ya kupotea bila mtu kuona? Huyu anakusanya mahubiri ya bure, Jumapili tutayasikia kwa spika.

BabaTwins_Kondele
Sasa umenitia wasiwasi. Nilishamhadithia bibi yangu.

Mama_wa_Maombi
Hata mimi roho ilikataa tangu mwanzo.

Wakili_wa_Benchi
Roho yako ilikataa ama ilimwita mwizi?

Mweka_Hazina_Nax
Kuna shosho mmoja huleta hamsini yake imefungwa kwenye pembe ya leso. Fundo ni gumu na vidole vyake havifanyi kazi, kwa hiyo anaitia leso nzima kwenye kapu. Nalifungua kwa meno wakati wa kuhesabu, halafu natoka nje kumrudishia. Huwa ananingojea chini ya mparachichi. Tangu Januari nikimpa hiyo leso siwezi kumwangalia. Amini usiamini.

Kiziwi_wa_Menengai
Leso ni rangi gani?

Mweka_Hazina_Nax
Ilikuwa nyekundu.

Shemasi_Mstaafu
Huyo shemasi aliyeambiwa apumzike, anajua lolote?

Mweka_Hazina_Nax
Hajui. Ni mtu mzuri, ndiye huniletea maji nikihesabu. Ndiyo maana ni yeye nashindwa kumwambia kuliko kamati nzima.

Shemasi_Mstaafu
Anza na yeye. Usiende kwa askofu kabla, na usiende kwa mchungaji peke yako tena. Nendeni wawili, na kitabu mkononi.

Mweka_Hazina_Nax
(Ijumaa) Pesa za chama nimepata. Nimeketi na kitabu tangu saa mbili usiku. Ukurasa wa mchanga upo, sijauchana. Nimeandika tarehe, jina langu, 25,000. Pale pa maelezo nimeandika "deni la" nikafuta, nikaandika tena, karatasi imetoboka. Mchungaji amepiga mara mbili, sijashika. Namba ya shemasi iko hapa mbele yangu, ila naona ni saa tano, labda amelala.

Mkaimosi
Mpigie. Shemasi halali Ijumaa, ana mkesha.

BabaTwins_Kondele
Samahani kuuliza katikati ya mambo mazito: hicho chama riba ni ngapi kwa mwezi? Na wanachukua watu wa Kisumu?